Namna ya Kutia Injini ya Hiace Kwenye Pijo ya Mzee

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu. Anaishi mahali fulani kati ya Londiani na Mulot, ana ekari moja na nusu ya majani ya chai, na nyuma ya nyumba yake, chini ya mgrevilea, kuna Peugeot 504 salooni aliyoachiwa na babake. Zile taa za mbele zenye pembe bado zinamkodolea macho kila anayepita kwenda kituo cha majani. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Injini huwaka kwa kusukumwa na vijana wanne, hutoa moshi wa samawati, na ikiona mlima hubadilisha sauti. Kama mtu huyo ni wewe, keti tuongee. Kama si wewe, soma tu, maana siku moja utapewa lifti ndani yake.

Usianze na spana. Anza na sababu. Anayetia injini kubwa kwenye gari la zamani huhitaji sababu mbili, moja ya kuwaambia watu na nyingine ya kweli. Ya kweli tunaijua. Ulikuwa unapanda kutoka Kapsoit, na Probox iliyobeba abiria saba, magunia ya kabeji na mbuzi ikakupita, dereva wake akapiga honi kwa huruma. Hiyo usiitaje popote.

Ya kuwaambia watu ni hewa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kericho iko zaidi ya 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo zile nguvu farasi tisini na kitu ambazo 504 ya lita mbili imeandikiwa vitabuni, zikifika Brooke zimebaki sabini na kitu, na hapo hatujahesabu miaka, pete za pistoni zilizochoka wala shangazi wawili walioketi nyuma. Hoja hii inasikika kisomi na ni kweli tupu. Itumie nyumbani, itumie kwa afisa wa mikopo wa sacco. Ina ila moja, ambayo nitakueleza ukishalipa arubuni.

Kisha kuna kikao. Gari la baba si lako, hata kama kitabu cha gari kina jina lako. Lilipeleka wagonjwa hospitali ya Tenwek usiku, likabeba maharusi, likabeba na jeneza moja au mawili. Dada yako wa Nakuru, ambaye hajalipa hata bima ya mwezi mmoja, atapiga simu kulitetea. Mama atasema, "Babako aliliacha likitembea. Wewe unataka kulifanya nini?" Mjibu kwa historia. Mwambie Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne miaka ya sitini, na 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda tena kwa 504 ya milango miwili, na hiyo haikuwa na silinda nne: Peugeot wenyewe walikuwa wameitia V6 ya lita 2.7. Kiwanda kilitangulia, wewe unafuata.

Ukiona uso wa mama haujalegea, ongeza kwamba Joginder Singh, aliyeshinda Safari mara tatu, alizaliwa hapa hapa Kericho mwaka 1932, na alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Usiongeze kwamba ushindi wake wa 1965 ulikuwa wa Volvo, na wa 1974 na 1976 ulikuwa wa Mitsubishi. Mama hatauliza hayo. Atauliza pesa zinatoka wapi.

Pesa zinatoka kwenye bonasi. Malipo ya majani ya kila mwezi yana wenyewe: unga, karo, mbolea, michango ya harusi za watu usiowajua. Bonasi ndiyo pesa yenye mabawa. Shirika la chai, KTDA, hufunga mwaka wa hesabu Juni, na kufikia Oktoba hivi mkulima anajua kama ataezeka nyumba au ataendelea kuhama na sufuria mvua ikinyesha. Mwongozo huu ungeandikiwa mkulima wa Murang'a au Kirinyaga ungekuwa mfupi zaidi, kwa sababu viwanda vya mashariki mwa Bonde la Ufa vimezoea kulipa bonasi nono kuliko vya kwetu, na kila inapotangazwa sote husikia wakulima wa Bomet na Kericho wanavyonguruma. Kwa hiyo wewe utafanya mradi kwa awamu. Oktoba hii injini, Oktoba ijayo giaboksi. Katikati gari litakaa juu ya mawe, na wageni utawaambia linasubiri spea kutoka Ufaransa.

Sasa injini yenyewe. Kuna madhehebu matatu. Vijana wanaolala na simu zao watakuhubiria 1JZ ya Toyota yenye tabo, silinda sita, nguvu farasi 280. Wasikilize kwa heshima, kisha waulize kama wamewahi kukutana na trekta la majani kwenye kona, mvua inanyesha, na trekta halina taa. Dhehebu la pili ni la 1KZ, dizeli ya lita tatu iliyokuwa kwenye Prado na Surf. Hii ina faida ya kweli, maana tabo haisumbuliwi sana na wepesi wa hewa yetu. Lakini ile iitwayo 1KZ-TE pampu yake ya dizeli huamriwa na kompyuta, na kichwa chake kina sifa ya kupasuka kikipata joto la kupita kiasi. Kompyuta hiyo ikinuna, fundi wako wa Silibwet ataifuta vumbi, ataichomoa na kuichomeka tena, kisha atakuambia kuna mtu Nakuru.

Dhehebu la tatu ndilo la watu wazima: 3L ya Hiace. Dizeli isiyo na tabo, isiyo na kompyuta, sentimita za ujazo 2,779. Ikishawaka, waya mmoja tu unaokwenda kwenye pampu unatosha kuiweka hai, na ukiuondoa inazima. Spea zake zimejaa madukani, kwa kuwa ni injini iliyobeba matatu za nchi hii kwa miaka. Hata mwenye duka la dawa za ng'ombe atakuuzia filta yake. Chagua hiyo.

Umelipa arubuni? Basi ile ila ni hii: 3L nayo hutoa nguvu farasi tisini na kitu. Soma tena polepole. Pijo uliyo nayo ina sentimita za ujazo 1,971, unayoitia ina 2,779, na farasi ni wale wale. Na kwa kuwa 3L haina tabo, hewa ya Kericho itaikata moja ya tano ile ile iliyoikata ya kwanza. Ninachoweza kukuahidi ni mvuto wa mapema: dizeli huanza kuvuta kwa mizunguko midogo, kwa hiyo mlimani utabadilisha gea mara chache, na unywaji wake hautakutisha kila tarehe 14 EPRA inapotangaza bei za mafuta. Unachopoteza ni ukimya, ambao ulikuwa nusu ya raha ya gari hilo. Lakini mambo haya hayajadiliwi hotelini. Hotelini swali ni moja, "Ni cc ngapi?" nawe utajibu "elfu mbili mia nane" kwa sauti ya chini huku ukikoroga chai, na meza nzima itanyamaza.

Kuinunua, nenda Kirinyaga Road, Nairobi, wala usivae koti. Utaikuta imewekwa juu ya tairi kuukuu, imefungwa kamba isiruke. Muuzaji ataiunganishia betri, itanguruma, itatoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ataizima kabla hujafungua mdomo, maana haina maji. "Umeisikia mwenyewe, mkubwa." Umesikia injini isiyovuta chochote ikipiga kelele kwa nusu dakika. Uliza mambo mawili. La kwanza, alternata yake iko, pamoja na pampu ya vakyumu iliyoshikana nayo kwa nyuma? Weka swali hilo kichwani, tutalirudia mahali ambapo hakuna mzaha. La pili, kuna risiti yenye namba ya injini na karatasi za forodha? Kwa swali hili utaacha kuitwa mkubwa, utaitwa mzee wangu, na utaombwa usubiri kidogo huku kijana akikimbia duka la nne. Subiri. Kuhusu dhamana, inaishia pale unapovuka mtaro wa mbele ya duka. Kuileta nyumbani ni rahisi: tafuta pikapu iliyopeleka viazi vya Bomet mjini na inarudi tupu.

Fundi ni shughuli nyingine. Kericho ina jadi ya karakana. Masingasinga walikuwa na Kericho Wagon Works yao hapa tangu enzi za mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, na mji haukuwahi kukosa mtu wa kukunja chuma. Kwa hiyo hukosi fundi. Unachoweza kukosa ni fundi mwenye wasiwasi. Mjaribu hivi:

"Fundi, hii itaingia?"

"Itaingia, mwalimu. Hakuna kisichoingia."

Mshukuru, mwachie pesa ya soda, ondoka. Fundi wa kweli hatasema lolote kwanza. Ataingia chini ya gari, atakaa huko hadi umsahau, atatoka na nyasi kwenye nywele, atajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha atauliza kwa huzuni, "Mwalimu, na lile bomba tunafanyaje?"

Mkumbatie. Huyo ndiye.

Lile bomba ndilo kiini cha mradi mzima, na ndilo ambalo hakuna anayelizungumzia hotelini. Kwenye magari mengi ya zamani ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma, propela shafti inaning'inia wazi kati ya giaboksi na difu, na kuibadilisha ni kuikata tu na kuichomelea kwa urefu mwingine. 504 salooni haikuumbwa hivyo. Shafti yake imefungiwa ndani ya bomba refu la chuma, na bomba hilo limefungwa kwa giaboksi mbele na kwa difu nyuma, vyote vitatu vikawa kitu kimoja. Difu nalo halikurukaruka pamoja na magurudumu, kwa kuwa kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake. Ndiyo maana gari lile lilipita juu ya matuta na mashimo ya barabara za chai huku mzee akisoma gazeti. Walioliunda walijua barabara mbovu ni nini. Ndiyo maana pia huwezi kugusa giaboksi bila kugusa kila kitu hadi nyuma kabisa.

Sasa una njia tatu, na zote zina machozi. Ya kwanza: bakiza giaboksi ya Pijo, umtafute mtu wa leithi akukatie bamba nene la chuma la kuunganisha injini ya Mjapani na giaboksi ya Mfaransa. Bamba likikosea kwa nusu milimita, bearing ya mbele italia kama mbuzi hadi ife, na klachi itaifuata. Hata likikaa sawasawa, giaboksi yenyewe ilichongwa kwa ajili ya injini ya petroli yenye mvuto wa upole; gea ya pili ndiyo hutangulia kuaga. Tena dizeli huishiwa na pumzi kwenye mizunguko elfu nne na kidogo, wakati petroli ilikuwa ikifika elfu tano bila kulalamika. Kwa gea na difu za zamani, ukifika tambarare ya Sotik injini itakuwa inapiga mayowe ukiongeza kasi, na utatafuta gea ya tano ambayo haipo.

Ya pili: weka giaboksi ya Hiace, ukate bomba, utengeneze shafti ya wazi. Hapa difu, ambalo lilikuwa limeshikiliwa na bomba lisipinduke, linabaki bila mshikaji. Mara ya kwanza ukiachia klachi kwa hasira, pua yake itainuka kuchungulia kiti cha nyuma. Fundi atalichomelea mkono wa chuma. Mkono utakatika. Atauchomelea mwingine mnene zaidi.

Ya tatu, ambayo wengi huishia nayo: tupa yote. Difu, bomba, mikono, springi, vyote viende kwa mwenye vyuma chakavu, na mahali pake iwekwe ekseli nzima ya Hilux na springi zake za mapande. Inafanya kazi, sikatai. Haivunjiki. Lakini tazama ulichofanya. Ulikuwa na gari ambalo watu walilipenda kwa sababu moja, kwamba lilikubeba juu ya mashimo ukasahau mashimo. Umelitoa hilo. Sasa una Hilux iliyovaa sura ya Pijo, na kila tuta la Kapkatet litakusalimu kwa jina lako la ubatizo.

Kuhusu kuingiza injini yenyewe nitasema machache, kwa sababu utakuwapo na utaona. Injini ya asili ilikuwa imelazwa upande kwa nyuzi arobaini na tano, ndiyo maana bonneti ya 504 iko chini. 3L imesimama wima. Sampu itagonga mwamba wa mbele, fundi ataikata na kuichomelea upya, itavuja. Maunti zitatengenezwa kwa vyuma vya mlango wa duka. Ikishakaa, bonneti haitafunga. Utaambiwa itobolewe. Kumbuka uko wapi: Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua ya kawaida huja karibu kila alasiri bila kubisha hodi. Mdomo wa hewa wa injini ukiwa chini ya tundu hilo, maji yataingia kwenye silinda, na maji hayabanwi; kinachopinda ni konrodi. Afadhali nundu. Mwambie mtu wa bodi aichomelee, ipakwe rangi, na wanaouliza waambie ni ya tabo.

Nyaya ni mchana mmoja. Geji ya mizunguko itakufa, usiilie.

Redieta ndiyo isikupite. Kwenye urefu wetu maji hayasubiri digrii 100. Mjini Kericho sufuria huchemka kwa digrii 93 hivi, na mpishi yeyote wa maharagwe anajua kwa nini kuni zinaisha. Ndani ya gari, kinachozuia maji yasichemke ni kofia ya redieta, ambayo huyaweka chini ya shinikizo. Sasa nenda ukaitazame kofia ya Pijo yako. Ni ya chupa ya maji ya dawa, au ni kitambaa? Injini imebadilika, redieta ni ile ile, feni ya asili haifiki tena mahali ilipokuwa, na kofia haishiki. Utachemka Chepseon. Wenye mahindi ya kuchoma watakuletea maji kwa jagi, kwa bei. Nunua redieta ya Hiace pamoja na injini, nunua kofia mpya, na uweke kulanti halisi badala ya maji ya mtaro.

Nimesema mambo mengi ya kupanda. Kila anayetia injini kubwa katika nchi hii ya vilima anafikiria kupanda. Lakini kila ulichopanda utakishuka, na hapa naomba kejeli ikae nje kidogo.

Breki za 504 husaidiwa na ombwe, yaani vakyumu, linalovutwa na injini ya petroli kupitia manifoldi yake. Dizeli haina uvutaji huo. Ndiyo maana Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya alternata ya 3L, na ndiyo maana nilikuambia uiulize dukani. Nimeona magari ambayo fundi aliweka alternata nyingine kwa kuwa ya asili ilikuwa imeungua, akaziba paipu ya vakyumu kwa skrubu, na gari likatembea vizuri kabisa uwanjani. Uwanja hauna mteremko. Ukianza kushuka kutoka Kericho kwenda Awasi, ukakanyaga, pedali ni ngumu na gari haliko tayari kusikiliza. Ongeza hapo uzito wa injini ya dizeli juu ya springi za mbele zilizochoka, ongeza diski zilizopindwa na joto, ongeza tope. Jioni ya 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, lori lilikosa mwelekeo likaingia katikati ya wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Waliokufa walikuwa kando ya barabara, wakiuza na kusubiri. Hao ndio unaowashukia wewe na elfu mbili mia nane zako. Kabla injini haijatoka Nairobi, badilisha silinda kuu ya breki, mipira yote, paipu zote, pedi, diski na springi za mbele, na pampu ya vakyumu iwepo na ivute. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, pesa zimetosha breki tu.

Turudi kwenye mchezo. Kuna serikali. Kitabu cha gari lako kimeandika namba ya injini, ujazo wake na kwamba ni ya petroli, na vyote vitatu sasa ni uongo. Sheria inakutaka uiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, gari likaguliwe, na rekodi ibadilishwe. Utaombwa risiti na karatasi za forodha, zile ambazo kijana alikimbilia duka la nne. Wengi hawafanyi hivyo. Huendesha miaka mingi wakimpungia mkono askari wa barabarani, na askari huwapungia pia, kwa kuwa hafungui bonneti ya mzee. Anayefungua bonneti ni mkaguzi wa bima, na hufungua siku moja tu, ile ya ajali. Atalinganisha namba ya injini na karatasi aliyoshika, atatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka huo, na kampuni itakuambia kwamba gari lililogonga si gari walilolikatia bima. Hapo utamlipa mwenye ng'ombe mwenyewe, na ng'ombe aliyegongwa huku kwetu huwa ni wa gredi daima, na huwa ana mimba.

Siku ya kwanza barabarani, usiende mbali. Nenda hadi kituo cha majani na urudi. Wanawake waliopanga vikapu watageuka, wakidhani lori la kiwanda limewahi leo. Sauti ndiyo hiyo. Vijana watakuomba ufungue bonneti, fungua. Mtu mmoja mzee, atakuwapo, hukosi, atainama, ataitazama injini kwa muda, kisha atauliza ile ya zamani ilikuwa na shida gani.

Mwambie ilikuwa inatoa moshi wa samawati.

Atatikisa kichwa. Mzee huyo anajua jambo ambalo hukulisikia Kirinyaga Road. Injini ya 504 ya petroli haihitaji kuchongwa silinda zikiisha. Silinda zake ni laina za kuvalishwa, zinatoka na kuingia, na seti ya laina na pistoni zake ikipatikana, fundi mzuri huifungua injini, huzitoa za zamani, huziingiza mpya pamoja na pete, huibadilisha gasketi, huifunga, na moshi unakwisha. Nguvu farasi tisini na kitu zinarudi. Bomba halikuguswa, bonneti inafunga, mzee wako angelijua gari lake kwa sauti, na kitabu cha gari bado kinasema kweli. 504 iliendelea kuunganishwa nchini hadi 2004, na spea zake bado zinapatikana kwa anayetafuta bila haraka.

Kama umesoma hadi hapa na bado unataka 3L, sikuzuii. Nyumba ni yako, majani ni yako, na yule dereva wa Probox bado yuko barabarani. Ombi langu ni moja. Wakija wenye mizani ya vyuma chakavu, usiwauzie injini ya zamani kwa kilo. Mimina oili kwenye silinda, izibe matundu kwa vitambaa, ifunge turubai, iweke kwenye ghala la mbolea pamoja na lile bomba na boliti zake zote kwenye mkebe. Atakayelinunua gari hilo kwako ataviulizia kabla hajauliza bei.